Historia Iliyobaki kwa Akina Mama: Chama cha Wametisi wa Ubelgiji na Kumbukumbu za Ruanda-Urundi

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna chama cha jamii ndogo kinavyoweza kuifufua na kuihifadhi historia ambayo dola mbili au tatu ziliiacha isahaulike. Mfano unaochunguzwa ni Association Métis de Belgique, chama kilichoundwa mwaka 2015 na watu waliozaliwa na akina mama wa Kiafrika na akina baba wa Kizungu katika Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Makala inadai kwamba ushindi wa kwanza wa chama hicho ulikuwa wa kiistilahi kabla haujawa wa kisiasa. Inadai pia kwamba historia iliyokwisha kuokolewa ni ya watoto waliochukuliwa, ilhali historia ya mama zao bado imo vinywani mwa wazee wachache wa Burundi na Rwanda, na haiwezi kuandikwa ila kwa lugha zinazosemwa huku.

Usumbura na watoto wa Save

Katika miaka ya mwisho kabla ya uhuru wa Burundi na Rwanda, takribani watoto 300 walichukuliwa kutoka shule ya Save, kusini mwa Rwanda, wakapelekwa Ubelgiji kwa ndege. Walikuwa watoto wa wanawake wa Rwanda, wa Burundi na wa Kivu. Baba zao walikuwa Wazungu: maofisa wa serikali, wafanyabiashara, wenye mashamba, wahandisi wa migodi. Walipofika Ubelgiji waligawanywa kwa familia za kulea na kwa nyumba za watoto, ndugu wa tumbo moja mara nyingi wakitenganishwa. Wengi walibadilishiwa majina, na wengine hata tarehe za kuzaliwa. Baadhi yao waligundua walipokuwa watu wazima kwamba hawakuwa raia wa nchi yoyote.

Save ilikuwa Rwanda, lakini utawala ulikuwa hapa. Kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1925, Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji, na makamu wa gavana mkuu akakaa Usumbura, mji uliopewa jina la Bujumbura mwaka 1962. Kwa hiyo barua zilizohusu watoto hao, orodha zao na idhini za safari zao ni sehemu ya historia ya mji huu, ingawa mtu anaweza kutembea Bujumbura kutwa nzima, kuanzia bandarini hadi Buyenzi, asione kibao kimoja kinachowataja.

Ikumbukwe kwamba Ruanda-Urundi haikuwa koloni kwa maana ya kisheria. Ilikuwa nchi iliyowekwa amana, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya mwaka 1946 chini ya Umoja wa Mataifa. Ubelgiji ilitakiwa kutoa taarifa kila mwaka. Ujumbe wa Baraza la Udhamini ulifika kukagua mwaka 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960, na Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa iliwaruhusu wenyeji kupeleka malalamiko yao New York. Jambo hili lina uzito kwa mtafiti, kwa sababu linamaanisha kwamba nyaraka za eneo letu hazimo Brussels peke yake.

Maneno yaliyofanya kazi ya sheria

Msomaji wa faili za kikoloni hukutana mapema na maneno matatu, na kila moja lina kazi yake.

La kwanza ni jina la mama. Mwanamke wa Kiafrika aliyeishi na Mzungu aliitwa kwa Kifaransa ménagère, yaani mwanamke wa kutunza nyumba. Hakuitwa mke, wala hawara, maana maneno hayo mawili yote yanakiri kwamba palikuwa na uhusiano. Jina la kazi ya ndani lilimwezesha mwanamume kuondoka mkataba wake ulipokwisha, kama mtu aachavyo nyumba ya kupanga.

La pili ni jina la mtoto. Faili zilimwita mulâtre, neno ambalo kwa mujibu wa maelezo yaliyozoeleka ya asili yake linatokana na jina la nyumbu, mnyama aliyezaliwa na wazazi wa jamii mbili. Kiswahili chetu nacho hakina haki ya kujisifu hapa. Tuna chotara, ambalo hadi leo ndilo neno letu la mbegu za mahindi na ng'ombe wa maziwa waliochanganywa. Tuna suriama, lililojengwa juu ya suria, na kwa hiyo linamkumbusha mtoto hali ya mama yake kila anapoitwa. Katika Kirundi na Kinyarwanda mtoto wa aina hiyo aliweza kuitwa Kazungu, "kazungu kadogo", na wengine wakalibeba kama jina lao kamili. Georges Kamanayo, aliyezaliwa Rwanda na kukulia Ubelgiji, alilitumia katika jina la filamu yake ya mwaka 2000, Kazungu, le métis, inayomwonyesha akimtafuta mama yake.

La tatu ndilo lililokuwa na nguvu kuliko mengine. Watoto waliandikwa kuwa yatima au waliotelekezwa. Amri ya mwaka 1890 ya Dola Huru ya Kongo ilikuwa imeipa serikali ulezi wa watoto wa aina hiyo, na sheria za Kongo zilipoanza kutumika Ruanda-Urundi, neno hilo lilikuja na mamlaka yake. Hapa msikivu wa Kiswahili anapaswa kushtuka. Yatima, kwa matumizi yetu yaliyoathiriwa na fikihi ya Kiislamu, ni mtoto aliyefiwa na baba, na kwa matumizi mapana zaidi ni aliyefiwa na wazazi. Watoto wa Save walikuwa na mama walio hai, ambao mara nyingi walijulikana kwa majina na kwa vijiji vyao. Baba zao wengi walikuwa hai pia, baadhi yao wakiwa ndani ya utawala uleule ulioandika faili. Kwa hiyo neno lile lilimfisha mama kwenye karatasi ili serikali ipate kuwa mlezi. Mama mwenyewe, ambaye katika visa vingi hakujua kusoma Kifaransa, aliweka alama ya kidole gumba chini ya waraka huo.

Kwa nini serikali iliwaogopa watoto hawa? Assumani Budagwa, mhandisi mwenye asili ya Kongo aliyetumia miaka mingi kukusanya nyaraka na kuchapisha kitabu chake mwaka 2014, ameonyesha kuwa hofu ilikuwa ya kisiasa. Mpaka wa rangi uliuhalalisha utawala, na mtoto mwenye rangi mbili aliuvunja kwa kuwapo kwake tu. Katika mijadala ya Wabelgiji wa siku zile, uasi wa Wametisi wa Kanada wa mwaka 1885 chini ya Louis Riel ulitajwa kuwa onyo. Waliona kwamba mtoto akiachwa kwa mama angekuwa kiongozi wa Waafrika, na akipewa haki za baba angeufuta mpaka. Njia ya tatu ilikuwa kumtenga.

Chama chaingia bungeni

Wametisi waliofika Ubelgiji walikulia mbalimbali, wakisema Kifaransa au Kiholanzi kutegemea familia zilizowapokea. Kwa miongo kadhaa kila mmoja aliona kisa chake kuwa siri ya ukoo. Mabadiliko yalikuja taratibu. Mwaka 2010 Kathleen Ghequière na Sibo Kanobana walichapisha simulizi zao katika kitabu cha Kiholanzi ambacho jina lake lenyewe linawaita "wanaharamu wa koloni letu", kwa kejeli iliyokusudiwa kumwaibisha msomaji na si anayesimuliwa. Kitabu cha Budagwa kilifuata, na mwaka 2017 mwanahistoria Sarah Heynssens akatoa utafiti wake juu ya watoto wa Save.

Katikati ya vitabu hivyo, mwaka 2015, ndipo chama kilipoundwa. Jina lake, katika lugha zote mbili, lina neno Métis, linalotokana na Kilatini cha "kuchanganya", wala si mulâtre ya faili. Ni jina walilojichagulia, na katika makala hii ninalitohoa: Mmetisi, Wametisi. Sioni sababu ya kuwarudisha kwenye chotara baada ya wao wenyewe kutoka huko.

Kilichofuata kilikwenda kasi kuliko kawaida ya siasa za Ubelgiji. Mwezi Aprili 2017 suala lao lilijadiliwa katika Seneti, na Kanisa Katoliki la Ubelgiji likaomba radhi kwa sehemu lililoshiriki. Tarehe 29 Machi 2018 Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio lililotambua utengano uliofanywa na kuitaka serikali ifungue kumbukumbu, iwasaidie Wametisi kupata vyeti vyao na kuwatafuta jamaa zao. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel alisimama bungeni, Wametisi wakiwa wameketi jukwaani, akaomba radhi kwa niaba ya dola kwa utengano huo na kwa watoto kunyang'anywa mama zao. Mwaka huohuo Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Ubelgiji ikaanza mradi wa kutafuta na kuorodhesha kumbukumbu zinazowahusu.

Mahakama nazo zilifuata, ingawa kwa njia nyingine. Wanawake watano waliozaliwa Kongo na kutengwa na mama zao utotoni wakawekwa katika misheni ya Katende, Kasai, walifungua kesi mwaka 2020. Walishindwa katika mahakama ya kwanza. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilibatilisha hukumu hiyo, ikatamka kwamba walichotendewa ni uhalifu dhidi ya binadamu, na ikaamuru kila mmoja alipwe yuro 50,000. Kesi hiyo haikuwa ya chama, na si kila Mmetisi aliipendelea njia ya mahakama. Lakini ni vigumu kuamini kwamba majaji wangekuwa na nyaraka zilezile mbele yao bila ya miaka ya utafiti na utetezi iliyotangulia.

Faida ya dai finyu

Washauri wa sera waliomo katika mkutano huu watauliza kwa nini chama kidogo kilifaulu pale ambapo vyombo vikubwa vilikwama. Swali ni la haki, kwa sababu kielelezo cha kukwama kiko karibu. Mwezi Julai 2020 Bunge la Ubelgiji liliunda kamati maalumu ya kuchunguza ukoloni wote, Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Kamati ilisikiliza wataalamu kwa zaidi ya miaka miwili, ikaandaa mapendekezo zaidi ya mia moja, kisha Desemba 2022 ikavunjika bila kukubaliana, kikwazo kikiwa suala la kuomba radhi. Dola ileile iliyowaomba radhi Wametisi mwaka 2019 ilishindwa kuziomba radhi nchi tatu mwaka 2022.

Jibu langu ni kwamba dai la chama lilikuwa finyu, nalo lilikuwa na nyuso. Chama kilidai cheti, faili, jina la mama na tarehe ya kweli ya kuzaliwa. Mbunge aweza kubisha juu ya maana ya ukoloni hadi usiku wa manane. Ni vigumu zaidi kumbishia mwanamke wa miaka 70 anayeomba kujua siku aliyozaliwa. Na kwa kuomba jambo hilo dogo, chama kilisababisha kufunguliwa kwa makabati ambayo yanahusu historia ya eneo letu lote.

Kenya inatoa mfano wa karibu. Wapiganaji wa zamani wa Mau Mau waliweza kujisajili kuwa chama baada tu ya marufuku ya kikoloni, iliyorithiwa na serikali huru, kuondolewa mwaka 2003. Kesi iliyofunguliwa London mwaka 2009 ilihusu mateso ya watu wachache kwa majina. Mwaka 2011 kesi hiyo ikailazimisha serikali ya Uingereza kukiri kwamba ilikuwa imeficha huko Hanslope Park maelfu ya faili zilizohamishwa kutoka makoloni yake 37. Tarehe 6 Juni 2013 ikakubali kuwalipa wadai 5,228. Fidia iliwahusu Wakenya hao, lakini faili zilizofichuka zilikuwa pia za Tanganyika, Uganda, Malaya na Saiprasi.

Burundi nayo imejaribu njia pana. Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, katika Itifaki ya Kwanza, uliipa Tume ya Ukweli na Maridhiano kazi ya kuifafanua historia yote ya nchi kwa kurudi nyuma kadiri iwezekanavyo, ili Warundi wote waielewe kwa namna moja. Sheria ya mwaka 2018 iliusogeza mwanzo wa uchunguzi hadi mwaka 1885, na hivyo ukoloni ukaingia ndani. Sina nia ya kupima hapa kazi ya Tume hiyo. Ninasema tu kwamba shabaha ya kuelewa kwa namna moja ni nzito mno, na mtoto aliyeandikwa yatima mama yake akiwa hai haihitaji. Anachohitaji ni kuwe na mahali pa kuuliza.

Upande usio na chama

Hapa ndipo sifa ninazokipa chama zinapokoma. Jukwaani mle bungeni tarehe 4 Aprili 2019 waliketi watoto. Mama zao, kwa sehemu kubwa, walikuwa wamekwisha kufa au walikuwa Burundi, Rwanda na Kongo, wakisikia habari hizo kwa redio kama walizisikia. Wametisi wa Ubelgiji walikuwa raia na wapiga kura, waliosema lugha za bunge lile. Akina mama hawakuwa na hata moja kati ya hayo. Wapo pia Wametisi ambao hawakusafirishwa, waliobaki wakakulia huku, na ambao radhi ya Brussels iliwagusa kwa jina tu, bila ofisi ya kuwahudumia walipo.

Matokeo yake ni historia yenye upande mmoja ulioandikwa vizuri. Tunajua sasa namna mtoto alivyopokelewa uwanja wa ndege wa Ubelgiji. Hatujui kwa kiasi hicho mama alirudi nyumbani kusema nini, alimweleza nini mume aliyemwoa baadaye, wala aliwaambia nini watoto waliozaliwa nyuma ya yule aliyeondoka. Waliobahatika kukutana tena mara nyingi walikutana bila lugha: mtoto amebaki na Kifaransa au Kiholanzi, mama ana Kirundi, au Kiswahili ikiwa ni mtu wa mjini au wa upande wa Uvira. Mkalimani alikaa katikati ya mama na mwanawe.

Hesabu ya umri nayo haitusubiri. Mwanamke aliyejifungua mwaka 1950 akiwa na miaka 18 alizaliwa mwaka 1932, na leo amepita miaka 90. Mashahidi tunaoweza bado kuwapata ni dada zake wadogo, majirani, na watoto aliowazaa baadaye, ambao wengi wao walikua wakijua kwamba yupo kaka au dada "aliyekwenda kwa Wazungu" na wakikatazwa kuuliza.

Kazi hii haiwezi kufanywa Brussels. Inahitaji watu wanaoweza kukaa na mzee na kumwacha aseme kwa lugha yake, wanaojua kwamba swali la moja kwa moja juu ya baba wa mtoto ni utovu wa adabu, na kwamba jibu litapitia habari za mvua, za ng'ombe na za nani alikuwa chifu mwaka ule. Vitabu vya ubatizo vipo katika parokia kongwe, Muyaga iliyoanzishwa 1898 na Mugera iliyoanzishwa 1899 zikiwa za kwanza, na katika nyingi zilizofuata. Vinaandika jina la mama pale ambapo faili ya serikali inanyamaza. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za utawala ilisafirishwa Ubelgiji kabla ya uhuru, na nakala za kidijitali za zile zinazohusu Urundi zinaweza kudaiwa na Burundi bila kusubiri makubaliano juu ya maneno mapana ya kuomba radhi. Dai la namna hiyo lingekuwa finyu kama lile la chama, na nadhani lingekuwa na nafasi ileile ya kufaulu.

Kwa upande wa Kiswahili kazi ni ya aina mbili. Kwanza, mahojiano yaliyofanywa Bukavu, Uvira, Bujumbura na Kigoma yakiwekwa katika Kiswahili yatasomwa pande zote za ziwa bila kupitia Kifaransa, lugha ambayo Watanzania wengi hawaisomi. Pili, ziko istilahi. Fomu yoyote itakayotungwa kwa ajili ya mahojiano hayo itakuwa na nafasi ya kuandika hali ya mtoto wakati alipochukuliwa. Napendekeza nafasi hiyo isiwe na orodha ya maneno ya kuchagua. Iachwe wazi, liandikwe neno alilolitumia msimulizi, kwa lugha aliyolisemea, na chini yake jina la mama kwa ukamilifu pamoja na kilima alichotoka.